Mzee ameambiwa aende kupigwa taa ya ngozi: venye mtaipanga kuanzia biopsi mpaka taa ya mwisho

Hii ni ya mtu ambaye baba ama mama yake amepewa jina refu la ugonjwa, mycosis fungoides, daktari akamalizia na "tutaanza na taa", alafu mkabaki kwa korido mkiangaliana. Mimi humsindikiza baba kutoka huku Luanda ya Vihiga, karibu na Maseno, mpaka Kisumu kwa hiyo taa na kila nikirudi nyumbani watu wananiuliza maswali yale yale, ati anachomwa? ati ni eksirei? ati si akae tu juani bure? Acha niandike zote mahali pamoja.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Ni limfoma ya ngozi, yaani saratani ya seli za kinga zinaitwa seli T ambazo zinaenda kujazana kwa ngozi. Ndio, ni saratani, lakini usianze kulia, hii mara nyingi inatembea polepole sana, miaka na miaka, na ikishikwa ikiwa bado ni madoa bapa wazee wengi wanaishi nayo mpaka wanaondoka na kitu kingine kabisa. Haiambukizi, mnaweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Inapenda watu wa miaka 50 kuenda juu, wanaume kuliko wanawake, na ni nadra kweli, Marekani wanahesabu kama watu 6 kwa kila milioni moja kwa mwaka ukichanganya hiyo na ndugu zake wote wa limfoma za seli T za ngozi. Ndio maana ata ukiuliza kijiji mzima hakuna mwenye ameiskia.

Kwanza, hakikisha jina la ugonjwa kabla ya kuwaza taa

Haya madoa yanapenda mahali nguo inafunika, makalio, nyonga, mapaja ya ndani, kiuno, chini ya matiti. Kwa ngozi yetu nyeusi mengine yanakuja meupe ama yamefifia rangi, yanawasha, yana magamba kidogo, na kila mtu anasema ni mashilingi ama mba ama eksema. Mzee anauziwa tyubu ya fangasi kwa kemisti, haitoshi, anauziwa krimu ya steroidi, madoa yanatulia wiki mbili yanarudi, na hiyo mzunguko inaweza kukula miaka.

Kinachomaliza ubishi ni biopsi, wanaganzisha mahali kidogo wanakata kipande cha ngozi kinapelekwa maabara. Mambo mawili hapa. Moja, mwambie daktari kila krimu mzee amekuwa akipaka, juu kama ni ya steroidi anaweza kutaka aiache wiki 2 mpaka 4 kwanza, la sivyo kipande kinaweza kutoka kikiwa kimetulia na jibu lisieleweke. Pili, msishangae mkiambiwa irudiwe, hii kitu mwanzoni inafanana sana na eksema ata kwa darubini, na daktari mwenye anarudia biopsi anafanya kazi yake vizuri.

Alafu uliza steji. Chini ya asilimia 10 ya ngozi ni hatua ndogo zaidi, ikivuka hapo inapanda. Nyumbani mnaweza kukadiria na kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, hicho kiganja ni kama asilimia 1 ya mwili wake, sasa hesabu viganja vingapi vinafunika madoa yote. Daktari pia atashika tezi za shingo, kwapa na kinena na atataka damu. Taa inafaa sana ikiwa bado ni madoa bapa na plaki nyembamba, yaani madoa yaliyonenepa kidogo. Kama kuna uvimbe umeinuka ama tezi zimefura, taa peke yake haitoshi na mtaongeleshwa vitu vingine.

Pili, jua ni taa gani

Kuna mbili kubwa, zote ni mwanga wa UV (ultravayoleti, ile sehemu ya mwanga wa jua jicho halioni, iko na aina A, B na C), si eksirei na si kuchomwa moto. Usizichanganye juu masharti yake si sawa.

Ya kwanza ni UVB ya mkanda mwembamba, ile inatoa mwanga wa nanomita 311 mpaka 313 pekee, kwa tyubu zake utaona imeandikwa TL-01. Haina tembe. Mzee anaingia, anapigwa mwanga, anatoka. Hii ndiyo huanziwa kwa madoa bapa.

Ya pili inaitwa PUVA. Mgonjwa anakunywa tembe ya methoxsalen kama saa moja na nusu mpaka mbili kabla, hiyo dawa inafanya ngozi ishike mwanga, alafu anapigwa UVA ambayo inazama chini zaidi ya UVB. Hiyo wanaitafuta madoa yakiwa mazito. Imetumika tangu miaka ya 1970 lakini wazo ni la zamani, huko Misri walikuwa wanajua mmea wenye dawa ya aina hiyo kitambo sana na waliutumia pamoja na jua kwa watu wenye mabaka meupe. Na kama kuna mtu nyumbani anasema matibabu ya mwanga ni uganga wa juzi, mwambie daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1903 kwa kutibu TB ya ngozi na mwanga.

Sasa lile swali la jua. Sisi huku upande wa Maseno ikweta inatupitia hapa hapa, jua si tunalo? Tunalo, lakini jua ni kama kununua dawa kwa ndoo, unamwagiwa kila kitu pamoja bila kipimo, UVA, UVB zote, joto, na hakuna mtu anajua umepata ngapi leo na jana ulipata ngapi. Mashine inatoa kipande kimoja tu cha mwanga na inapima. Na tena madoa yako kwa makalio, hebu niambie mzee ataketi vipi nje ya boma hivyo saa sita mchana na wajukuu wakipita.

Na tafadhali msinunue taa yoyote mtandaoni ati kwa sababu imeandikwa UV. Zile za saluni za kukausha kucha ni UVA, zile za kuua viini ni UVC na zinaunguza macho na ngozi. Hakuna moja hapo ya kutibu mzee.

Tatu, piga simu kabla ya kupanda matatu

Mashine hizi haziko kila hospitali. Anzia kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa iliyo karibu na nyinyi, watu wa Kisumu wataulizia Russia (Jaramogi Oginga Odinga), wa Nakuru ile ya rufaa watu bado wanaita PGH, wa upande wa juu Referral ya Eldoret (Moi), na daktari atawaelekeza taa inapatikana wapi, serikali ama praiveti. Ukipiga simu usiulize tu "mko na taa ya ngozi?" juu utaambiwa ndio na ufike upate ni ya mikono na miguu peke yake. Uliza ni ya mwili mzima? ni UVB ya 311 ama ni PUVA? inafanya kazi siku gani na mpaka saa ngapi? stima ikipotea mnafanya nini? malipo ni kwa kila taa ama kuna bei ya mfululizo? Kama mko SHA, ile bima ya afya ya serikali, uliza hapo hapo wanahitaji karatasi gani za kuomba kibali kabla ya kuanza, usiulize mwezi wa pili.

Piga hesabu ya nauli pia bila kujidanganya. Kawaida ni mara 3 kwa wiki, mahali pengine 2, siku zisifuatane, na madoa yanaweza kuchukua miezi 2 mpaka 4 ama zaidi kuisha. Mara 3 kwa wiki 12 ni safari 36, mara mbili ukirudi, na mara mbili tena kama anahitaji mtu wa kumshika mkono. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya haya matibabu na ndiyo inashinda watu katikati, taa yenyewe haiumi. Afadhali familia ikae chini kabla, huyu analipa nauli, huyu anasindikiza Jumatatu, yule Jumatano, kuliko kuanza na nguvu alafu mwezi wa pili mzee anaambiwa "baba ngoja kwanza tuvune".

Kwa kuchagua siku, ushauri wangu ni ukipewa nafasi chukua asubuhi. Na Ijumaa fikiria vizuri, unajua huku kwetu Ijumaa ni siku ya kutoa mwili mochari, barabara na watu wote wako kwa msafara, na mzee hawezi kosa matanga ya agemate wake.

Nne, beba dawa zake zote

Zote, ata za kichwa, ata ile mizizi ya chupa. Dawa nyingi za wazee zinafanya ngozi iungue haraka na mwanga. Ya kwanza ya kuangalia ni ya presha, kama kwa pakiti kuna herufi HCTZ ama jina linaisha na H, onyesha. Furosemidi ya kupunguza maji, doxycycline, ciprofloxacin, Septrin, amiodaroni ya moyo, zote ni za kutaja. Zingine zina shida zaidi na PUVA kuliko UVB lakini hiyo si kazi yako kuamua, wewe onyesha. Na usimwachishe mzee dawa ya presha eti kwa sababu umesoma hapa, daktari ndiye anabadilisha.

Sema pia kama amewahi kupata saratani nyingine ya ngozi, kama ana lupus, kama amefanyiwa ama anangoja upasuaji wa mtoto wa jicho, kama hupata vidonda vya homa kwa mdomo juu taa inaweza kuviamsha. Mtu mwenye ualbino hii taa si yake, lazima atafutiwe njia nyingine.

Ndimu nayo. Maji ya ndimu kwa ngozi pamoja na mwanga yanaunguza vibaya na kuacha alama nyeusi, ndimu iko na kemikali za ukoo ule ule wa tembe ya PUVA. Mama yeyote anayesugua madoa na ndimu aache kabisa kwa hiyo kipindi.

Tano, siku ya taa yenyewe

Asubuhi anaoga kawaida, hapaki kitu. Hakuna vaselini nzito, hakuna manukato, hakuna losheni ya kuzuia jua, juu vingine vinazuia mwanga kufika na vingine vinaunguza. Mafuta atapaka akitoka, na apake mengi, ngozi inakauka sana. Ale, anywe maji, aende choo kabla, hasa mzee wa prosteti, hutaki ashikwe akiwa ndani.

Chumba chenyewe ni kibanda cha mtu mmoja kusimama, kuta zote zimejaa tyubu ndefu. Zikiwaka ni rangi ya zambarau ya bluu, feni inaunguruma, joto linapanda kidogo. Mlango haufungwi na kufuli, akiskia vibaya anausukuma anatoka tu, na hii mwambie mzee mara tatu kabla hajaingia. Baba alitaka kujua kitu kimoja peke yake:

"Sista, na nikizimia humu?"

"Mzee, niko hapa nje ya mlango. Gonga ukuta mara moja, nazima."

Basi akaingia. Kama mzee haskii vizuri pangeni ishara mapema, na avue saa, pete, kofia. Kama magoti yake hayawezi kusimama sema, kuna pa kushika ndani na wanaweza kuangalia kama kiti cha chini kitafaa, ingawa akiketi makalio yanakosa mwanga na hapo ndipo madoa yapo, kwa hivyo bora dakika chache za kusimama vizuri. Siku za kwanza ni sekunde kidogo tu, ata utashangaa mmetoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi kwa kitu kama hicho. Inaongezwa pole pole kila akija, mpaka dakika kadhaa.

Anavaa miwani maalum ya kukinga macho na haitoi mpaka taa zizime. Kama uso hauna madoa unafunikwa. Mwanaume anafunika sehemu zake za siri, na njia rahisi ni soksi, ndio, soksi, juu boksa inafunika makalio yote na umepoteza safari. Hii nayo ni muhimu kuliko inavyoonekana: kitu kile kile kila mara. Ukibadilisha leo chupi ndogo jana ilikuwa kubwa, ile ngozi mpya iliyotokea haijazoea dozi na itaungua. Ndio hiyo hiyo kwa nywele na ndevu kama kichwa na uso vinapigwa taa. Akinyolewa kipara baada ya mazishi, mwambieni sista kabla hajaingia.

Sasa venye anasimama. Mwanga unaenda mbele moja kwa moja, haukunji kona. Mikono ikining'inia tu, kwapa na mbavu hazipati kitu. Mikono juu, miguu ipanuliwe kidogo, mama mwenye matiti makubwa ayainue, mwenye tumbo la kukunjika alivute. Mwambie sista awaonyeshe mahali madoa yako na asimame akiyafikiria. Madoa mengi yanayokataa kuisha ni ya kwenye mikunjo.

Sita, jioni na kesho yake

UVB ikizidi inaonekana kati ya saa 8 na 24 baadaye. PUVA inachelewa, siku 2 mpaka 3 ata zaidi. Vitabu vinasema angalia wekundu, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa, kwa hivyo tumia mkono: weka mgongo wa kiganja chako kwa mgongo wake, ngozi ni moto kuliko kawaida? inauma ikiguswa? shuka inamkwaruza usiku? imekuwa nyeusi ghafla na imevutika? Hiyo ndiyo kuungua kwetu. Kuwasha kidogo na kuwa mweusi zaidi ni kawaida.

Andika kwa kijitabu tarehe, dozi iliyoandikwa kwa kadi, na alivyoskia usiku. Sista akiuliza "mzee uko aje tangu juzi?" na mzee akajibu "niko sawa tu" venye wazee wetu hujibu kila kitu, dozi inaongezwa juu ya ngozi iliyoungua. Wewe ndiye utasema ukweli hapo, na heshima yako, "baba, si ulilala na tumbo jana?" Wakijua wanaruka siku ama wanashusha dozi, hakuna mtu anakasirika. Malengelenge yakitokea usingoje siku ya kliniki, piga simu.

Siku ya taa mzee asishinde shambani bila shati. Mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, kivuli, mpaka jioni.

Mkikosa siku

Mtakosa, mvua, maandamano, mafuta yamepanda na matatu zimegoma, chochote. Msifiche na msijaribu kufidia kwa siku mbili mfululizo. Kawaida kukosa siku chache dozi inabaki pale pale, wiki moja mpaka mbili wanaishusha kama robo, wiki mbili mpaka tatu wanaishusha nusu, zaidi ya hapo mnakaribia kuanza upya. Kila kituo kina jedwali lake kwa hivyo sista ndiye anasema, lakini ukijua hivi unaelewa kwa nini kukosa mara moja si kitu na kukosa mwezi ni hasara ya nauli yote.

Kama ni PUVA, ongeza haya

Tembe anakunywa na chakula, si tumbo tupu, juu inachafua roho. Kutoka ameimeza mpaka saa 24 ziishe anavaa miwani inayozuia UV, ata ndani ya matatu kando ya dirisha, kwa sababu dawa imefika kwa jicho pia na mwanga wa kawaida wa mchana unaweza kuleta mtoto wa jicho. Ngozi nayo ifunikwe. Mkiingia foleni na akiwa amekunywa tembe mapema sana, semeni, muda una maana yake. PUVA ikifanywa miaka mingi inaongeza hatari ya saratani zingine za ngozi, kwa hivyo wanahesabu jumla ya taa zake zote. Hiyo kadi msiipoteze, ipige picha na simu ya watu wawili.

Mambo ya kukimbiza hospitali bila kungoja

Doa limeinuka limekuwa uvimbe ama limechimbika kidonda, mwili mzima umekuwa mwekundu na kuwasha na kumenyeka, tezi mpya kwapani ama kinenani, homa na usaha, kilo zinapungua bila sababu. Vidonda vya hii ngozi vikiingia bakteria vinaweza kumlaza mzee haraka.

Madoa yakiisha

Hawakati taa siku hiyo hiyo. Kwa kawaida wanaendelea kidogo alafu wanapunguza, mara 2 kwa wiki, mara 1, kila wiki mbili, kutegemea daktari. Familia nyingi zinaachia hapa kwa sababu ngozi imekuwa safi na nauli imechosha, lakini huu ugonjwa una tabia ya kurudi. Ulizeni daktari hiyo ratiba ya kupunguza itaisha lini na muiandike kwa kalenda ya ukutani.

Baada ya hapo kliniki kila baada ya miezi kadhaa, na mara moja kwa mwezi mtu mmoja amkague mzee mchana, karibu na dirisha, mgongo na makalio pamoja, na apige picha ya kitu chochote kipya akiweka shilingi kando yake kuonyesha ukubwa. Doa likirudi, tyubu ya kemisti isiguse hapo kwanza, nendeni na hiyo picha na ile kadi, juu watataka kuliona likiwa vile lilivyo, pengine walikate tena kipande.